Waifai Imejaa, Lakini Mtandao Hakuna

Miaka 20 iliyopita ni wachache katika nchi yetu waliokuwa na sababu ya kusema "mtandao hakuna" wakiwa majumbani mwao. Leo kauli hiyo huitoa bibi, mjukuu, baba, na hata mgeni aliyeulizia nywila kabla hajaketi. Tabu yake ni kwamba haielezi kitu. Ni kama mgonjwa anayemwambia tabibu, "Naumwa," kisha akanyamaza. Fundi akipigiwa simu na kuambiwa mtandao hakuna, hana la kufanya ila kupanda pikipiki aje aangalie mwenyewe, na nauli hiyo hulipwa na mwenye nyumba.

Ndugu msomaji, safu ya wiki hii inakusudia kumwezesha mtu asiye fundi kujua ni wapi hasa njia imekatika, kabla hajatoa fedha na kabla hajamlaumu mtu. Nayataja yote mawili kwa makusudi, kwani majumbani humwagika lawama nyingi pale mtandao unapolala kuliko zinavyomwagika fedha.

Tuchukue nyumba moja ya mfano katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya ghorofa mbili yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Baba yuko Dubai kikazi. Usiku baada ya Isha, mama anampigia kwa video kupitia WhatsApp, simu haipiti. Binti yuko kwenye kompyuta akijaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Ukurasa unakataa kufunguka, na kesho ndiyo siku ya mwisho. Mdogo wao yumo chumba cha nyuma, somo lake la video linasimama kila baada ya dakika moja. Wote watatu wanasema neno lilelile: mtandao hakuna. Kaka mkubwa, anayejulikana kwa michezo ya simu, anatuhumiwa hapo hapo kwamba ndiye aliyemaliza bando. Kabla ya kulala imekwisha kukubaliwa kwamba asubuhi itanunuliwa ruta mpya.

Ruta hiyo mpya isingemfaa hata mmoja wao. Kaka naye, kwa usiku huo, hakuwa na kosa walilomdhania. Matatizo yalikuwa matatu, kila moja na asili yake, na moja kati ya hayo halikuwamo hata ndani ya nchi.

Yafaa kwanza tuielewe safari yenyewe. Unapofungua ukurasa, ombi lako hutoka kwenye kifaa, hupita hewani hadi kwenye ruta, huingia kwenye waya wa faiba au huruka hadi kwenye mnara, hufika kwa kampuni inayokuuzia huduma, na mara nyingi huvuka bahari kwa mkongo hadi kwenye kompyuta kubwa zilizo nchi nyingine. Jibu hurudi kwa mwendo huo huo wa hatua. Alama ya waifai iliyo juu ya kioo cha simu huzungumzia hatua moja tu katika hizo, ile ya kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta. Mtu anaweza kuwa na alama iliyojaa tele ilhali ruta yenyewe imetengwa na dunia. Anayesema "waifai imejaa lakini mtandao hakuna" wala hajipingi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa waya wowote, uliza mambo mawili. Je, ni kifaa kimoja kinachokataa au ni vyote? Na je, ni huduma moja inayokataa au ni zote? Maswali haya hayahitaji elimu yoyote ya mitambo, lakini hupunguza nusu ya kazi ya kutafuta, na pengine zaidi ya nusu.

Tumwendee mama. Ujumbe wake wa maandishi unafika kwa baba, na hata ujumbe wa sauti unafika. Kinachokataa ni simu peke yake. Isitoshe, akimpigia dada yake aliyeko Pemba kwa njia hiyo hiyo, wanaonana uso kwa uso bila shida. Basi ruta haina kosa, na bando lipo. Kwa miaka mingi Umoja wa Falme za Kiarabu umezuia simu za sauti na za video za WhatsApp, na wakaazi wake huelekezwa kwenye programu zilizopewa kibali huko, Botim ikiwa mojawapo. Maelfu ya familia za mwambao wetu zina ndugu Dubai, Sharjah na Abu Dhabi, na sidhani kama kuna idadi ya usiku ambao mama amezima na kuwasha ruta kwa ajili ya simu iliyofungiwa mlango upande wa pili wa bahari. Dawa yake ni kumwandikia baba ujumbe, ambao utafika, na kumuuliza yeye hutumia programu gani inayoruhusiwa aliko.

Binti tatizo lake ni la namna nyingine. Ukurasa wa maombi unakataa kwenye kompyuta yake, nao unafunguka kwenye simu ya mama iliyoungwa kwenye waifai ileile. Kifaa kimoja, basi. Tena kompyuta haisemi kwamba mtandao haupo. Inasema muunganisho si salama. Hapo mwambie atazame saa na tarehe pembeni mwa kioo. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, na ile betri ndogo ya mviringo, yenye umbo la sarafu, inayotunza saa ndani yake, imekwisha kuchoka. Umeme ukikatika na chaji ikaisha, kompyuta huamka ikidhani tuko miaka kadhaa nyuma. Kurasa zote zinazopokea taarifa za siri hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta iliyopotea miaka huona cheti hicho hakijaanza bado, ikakikataa. Kurekebisha tarehe huchukua nusu dakika. Betri ile ni ya bei ndogo, na fundi wa kompyuta huibadilisha ukiwa umesimama pale pale. Fikiria binti aliyekosa mwaka mzima wa masomo kwa sababu ya tarehe.

Sasa twende chumba cha nyuma, ambako kisa ni kirefu na ambako mafundi wengi nao hupotea.

Mawimbi ya waifai hudhoofu yanapopita ukutani, na ukuta wa mawe ya matumbawe si ukuta wa mbao. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na kuta, ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila yamejaa watu, kwa kuwa jirani wa kulia, jirani wa kushoto na hata jiko la maikrowevu hutumia eneo hilo hilo la mawimbi. Mtu wa chumba cha nyuma aghalabu atapata nafuu akichagua ya 2.4, na nafuu kubwa zaidi ikiwa ruta itatolewa kwenye kabati la televisheni ilikofichwa na kuwekwa juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Najua kwamba kabati ndilo lenye mapambo. Lakini chombo kilichoundwa kutoa mawimbi hakifai kufungiwa pamoja na vyombo vya udongo.

Katika nyumba yetu ya mfano, hata hivyo, mambo hayakuishia kwenye kuta. Kaka mkubwa, kwa nia njema kabisa, alichukua ruta ya zamani iliyokuwa imelala juu ya kabati, akavuta waya kutoka kwenye ruta ya sebuleni, akaiwasha chumba cha nyuma ili mdogo wake apate mawimbi ya karibu. Mawimbi yakapatikana. Lakini tangu siku hiyo nyumba nzima ikaingiwa na ugonjwa usioeleweka: leo simu hii inafanya kazi na ile haifanyi, kesho ni kinyume chake, ukizima simu na kuiwasha inapona, au inaugua zaidi.

Sababu yake ni hii. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa nyumbani hupewa na ruta namba yake, iitwayo anwani ya IP, mfano wa namba ya chumba katika nyumba ya wageni. Namba hizo majumbani huanza mara nyingi na 192.168. Pamoja na namba, kifaa huambiwa mlango wa kutokea ni upi, yaani ruta ipi itakayopeleka maombi yake nje. Kazi hiyo ya kugawa namba, ambayo kwenye kurasa za ruta huandikwa kwa herufi DHCP, yapasa ifanywe na mmoja tu. Nyumba yetu sasa ina wagawaji wawili. Simu inapoingia hupiga kelele, "Nani atanipa namba?" na humsikiliza anayejibu kwanza. Akijibu wa sebuleni, mambo ni mazuri. Akijibu yule mzee wa chumba cha nyuma, atatoa namba vizuri kabisa na kujitaja mwenyewe kuwa ndiye mlango, ilhali yeye hana njia ya kutoka nje. Simu huonesha kwamba imeunganishwa, nayo imeunganishwa kweli, na chumba kisicho na mlango.

Kulitambua jambo hili si kugumu. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa, utaona anwani yako na anwani ya lango. Linganisha simu inayofanya kazi na ile isiyofanya kazi. Ikiwa lango la moja ni 192.168.1.1 na la nyingine ni 192.168.0.1, au lolote lisilofanana na la kwanza, basi kuna ruta mbili zinazogombea nyumba moja. Ikiwa kompyuta inaonesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake ni nyingine: iliomba namba, hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Hapo tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, na huna haja ya kumsumbua mtoa huduma.

Si lazima kuitupa ruta ya zamani. Inaweza kutumika vema kama kipaza mawimbi, kwa sharti la mambo matatu: izimwe ile kazi ya kugawa namba, ipewe anwani yake isiyofanana na ya ruta ya sebuleni, na waya uchomekwe kwenye mojawapo ya matundu yaliyoandikwa LAN badala ya lile lililoandikwa WAN. Kaka mkubwa aliyeweza kuvuta waya ukutani hawezi kushindwa na haya. Akiachiwa kazi hiyo, hata zile tuhuma za bando huenda akazisahau.

Nazo tuhuma za bando zisipite hivi hivi. Wanaotumia ruta ndogo zenye laini ya simu ndani yake mara nyingi hushangaa bando la wiki likiisha siku ya tatu, na mtoto mwenye simu ndiye hushikwa kwanza. Simu zetu zimefundishwa kwamba waifai ni ya bure. Zikiiona tu, hupakua matoleo mapya ya programu na kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, usiku, wenyewe mkiwa mmelala. Katika mipangilio ya waifai ya simu nyingi kuna mahali pa kuieleza simu kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Wekeni alama hapo kwenye simu zote za nyumbani, kisha mhesabu siku upya kabla ya kumwita mtoto.

Ikiwa ni vifaa vyote vinavyokataa, na ni huduma zote, hapo tunageukia ruta na kisanduku cha faiba. Tazama taa. Katika visanduku vingi vya faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki kupitia waya. Faiba ni uzi wa kioo. Kabati likisogezwa na kuukunja, au panya akiuonja, kazi imekwisha. Usijaribu kuufungua wala kuchungulia ncha yake kwa jicho. Mpigie mtoa huduma.

Taa zikiwa nzima, zima ruta na kisanduku, subiri kama dakika moja, washa kisanduku kwanza, kisha baada ya dakika mbili washa ruta. Umeme wetu ukikatika na kurudi, vyombo hivi huamka kwa kasi tofauti, na ruta iliyoamka kabla ya mwenzake hubaki imezubaa. Kama ruta hujizima na kujiwasha yenyewe mara kwa mara, shuku adapta yake ya umeme kabla ya ruta. Watu huchanganya adapta za nyumbani kwa sababu vichwa vyake hufanana, ilhali moja ni ya volti 9 na nyingine ni ya volti 12. Soma kilichoandikwa kwenye adapta na chini ya ruta, vilingane.

Ila kuna jambo moja naliombea sana msomaji aliepuke. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo ambacho hubonyezwa kwa sindano au pini. Kitundu hicho hakizimi na kuwasha. Kinafuta kila kitu na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, pamoja na jina la mteja na nywila ambazo mtoa huduma aliziingiza siku alipokufungia. Nyumba iliyokuwa na tatizo dogo la dakika kumi, baada ya pini hiyo, huwa na tatizo la siku mbili. Nimeona hata wanaojiita mafundi wakianzia hapo. Fundi anayeanza na pini kabla hajauliza swali hata moja, mshukuru na umsindikize hadi mlangoni.

Aliye na kompyuta anaweza kwenda mbele zaidi, kwa amri moja ya zamani iitwayo ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akitafuta kasoro katika mtandao wa maabara alimofanya kazi, akaipa jina la mlio wa chombo cha nyambizi kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ndivyo nayo inavyofanya kazi: hupeleka ujumbe mdogo mahali unapopataja na kupima jibu lachukua muda gani kurudi. Kwenye kompyuta ya Windows andika cmd katika sehemu ya kutafutia, na dirisha jeusi likifunguka andika ping, acha nafasi, kisha andika anwani ya lango uliyoiona, mathalan 192.168.1.1. Ujumbe minne utatumwa. Majibu yakirudi yote minne, kwa milisekunde chache, njia ya hadi kwenye ruta ni nzima. Mengine yakipotea, au yakichukua mamia ya milisekunde, ugonjwa ni wa humu ndani, nao ni waifai: kuta, umbali au msongamano.

Kisha ijaribu kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google inayojibu karibu wakati wote. Ruta ikijibu na hii isijibu, kuna uwezekano mkubwa kwamba njia imekatika nje ya nyumba yako. Mwisho ijaribu kwa jina, kama vile google.com. Ikiwa namba inajibu lakini jina halijibu, kilicholala ni huduma ya majina, ambayo mafundi huiita DNS na ambayo kazi yake ni kugeuza jina la ukurasa kuwa namba. Hapo mtandao upo, aliyepotea ni mwelekezaji. Ukiandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika mipangilio ya ruta, mahali pa DNS, mara nyingi kurasa hufunguka pale pale.

Kuna nyakati njia hukatika mbali mno, ambako hakuna wa nyumbani mwenye la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa wakati mmoja huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ile taa za ruta zilikuwa nzuri, waifai zilijaa, na ping hadi kwenye ruta ilijibu bila kasoro. Nyumba iliyojua kusoma dalili hizo ilitambua kwamba ni jambo la kusubiri. Nyingine ziliingia dukani kununua vocha juu ya vocha. Dalili nyepesi ya jambo kama hilo ni jirani: kama yeye naye, anayetumia kampuni nyingine, amelala kama ulivyolala wewe, iache ruta ipumzike.

Na itakapobidi kumpigia mtoa huduma, uwe na karatasi mkononi. Iandikwe namba ya akaunti, jina la mteja na nywila iliyoingizwa kwenye ruta (iombe siku wanapokuja kukufungia, kwani baadaye huwa tabu kuipata), pamoja na aina ya ruta. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hata mama akiwa peke yake ataiona. Kisha, badala ya kusema mtandao hakuna, sema hivi: "Vifaa vyote vimekataa tangu saa mbili usiku. Ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu. Taa ya LOS haiwaki, na nimekwisha kuzima na kuwasha." Anayepokea simu upande wa pili atakosa sababu ya kukurudisha kwenye maswali ya mwanzo, na kama ni mkweli atakuambia hapo hapo iwapo hitilafu iko kwao.